Fani Tusiyoihakiki: Kuchagua Herufi za Kale kwa Diwani ya Leo

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hata ukimwamsha usiku wa manane ukamwuliza vipengele vya fani, atakutajia bila kusita: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika, mandhari. Sasa mwulize diwani anayoihakiki imechapwa kwa herufi gani. Atakushangaa. "Herufi? Si herufi tu, bwana!" Na huwezi kumlaumu sana, maana vitabu vyetu vya uhakiki havimfundishi kuitazama. Hata hivyo, hakuna ubeti unaolifikia jicho la msomaji ukiwa uchi. Kila ubeti umevalishwa umbo, na umbo hilo lilichaguliwa na mtu.

Zamani aliyechagua alikuwa mpiga chapa. Mshairi alipeleka mswada wake, akasubiri kitabu. Siku hizi mambo yamegeuka. Kikundi cha wanafunzi kinachotaka kutoa diwani au jarida huipanga kazi chenyewe kwenye kompyuta, na humo hukuta orodha ndefu ya fonti zenye majina ya kifahari: Garamond, Baskerville, Caslon, Bodoni, Bembo. Mtu hupitisha macho, akasema "hii ina sura ya kizamani, inafaa mashairi", akachagua. Basi, imekwisha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo hayaishi hapo. Hoja yetu ni moja. Fonti yenye jina la kale ni usomaji ambao mtu wa zama za karibu ameufanya juu ya herufi ya kale. Herufi ya kale yenyewe huna. Kwa hiyo inatakiwa kuulizwa maswali yaleyale tunayoiuliza tafsiri au toleo la utenzi wa zamani: imetoka katika nakala ipi, nani kaihariri, lini, na kwa kazi gani? Anayechagua bila kuuliza anaweza kuchagua kitu tofauti kabisa na alichodhani.

Herufi hufufuliwa vipi?

Tuanze na jinsi herufi hizi zilivyotengenezwa. Mchongaji wa karne ya 16 alichonga umbo la herufi kwenye ncha ya kijiti cha chuma kigumu. Kijiti hicho kiligongwa juu ya kipande cha shaba, kikaacha shimo lenye umbo la herufi. Shimo hilo ndilo lililomiminiwa madini ya risasi iliyoyeyushwa, ikatoka herufi moja moja ya kupangia maneno. Herufi hizo zilipakwa wino zikakandamizwa juu ya karatasi iliyoloweshwa kidogo. Wino ulitambaa. Kwa hiyo alama iliyobaki kwenye karatasi ilikuwa nene kuliko umbo lenyewe la risasi.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Anayetaka kufufua herufi ya mwaka 1500 afufue nini? Umbo alilolichonga fundi kwenye chuma, au alama aliyoiona msomaji kwenye karatasi? Vitu hivi viwili havifanani, na jibu la swali hili hubadilisha sura ya kitabu kizima.

Ufufuaji wa aina hii ulipamba moto katika miaka ya 1920. Kampuni ya Monotype ya Uingereza, ikishauriwa na Stanley Morison, ilitoa mfululizo wa herufi za kale kwa ajili ya mashine zake: Garamond mwaka 1922, Baskerville 1923, Fournier 1925, Bembo 1929. Baadaye herufi hizo zilihamishwa kutoka risasi kwenda kwenye filamu, na kutoka filamu kwenda kwenye kompyuta. Kila zilipohamishwa, mtu alikaa mezani akaamua nini kibaki na nini kirekebishwe. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tuongeze: vingine vimeundwa mara nne.

Jina si ukoo: kisa cha Garamond

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Garamond. Claude Garamond alikuwa mchonga herufi wa Paris, akafariki mwaka 1561. Karne nyingi baadaye, matbaa ya taifa ya Ufaransa ilikuwa na herufi za kale zilizosadikiwa kuwa kazi ya mkono wake. Kiwanda cha herufi cha Marekani, ATF, kilitengeneza Garamond yake kwa kuzifuata hizo. Monotype nao wakafanya vivyo hivyo. Dunia ikazipenda.

Kumbe wapi! Mwaka 1926, katika jarida la The Fleuron, ilitokea makala ya mtu aliyejiita Paul Beaujon. Makala hiyo ilithibitisha kwamba herufi zile zilichongwa na Jean Jannon, mpiga chapa wa mji wa Sedan, ambaye alizionyesha katika kitabu chake cha sampuli cha mwaka 1621. Jannon alizaliwa mwaka 1580. Maana yake ni kwamba Garamond alikuwa kaburini miaka 19 kabla Jannon hajaliona jua. Na Paul Beaujon naye hakuwa Paul: lilikuwa jina la kalamu la Beatrice Warde, mwanamke wa Kimarekani. Monotype walipomwita Bwana Beaujon wampe kazi, akaja bibi.

Tukio hili lingeweza kuwa hadithi ya kuchekesha tu, lakini matokeo yake yako mbele yetu hadi leo. Fonti iitwayo Garamond inayokuja pamoja na programu za ofisi za Microsoft ni ile ya Monotype, yaani ya ukoo wa Jannon. Adobe Garamond ya Robert Slimbach, iliyotolewa mwaka 1989, yenyewe ilirudi kwa Garamond halisi, na herufi zake za mlazo zikachukuliwa kwa Robert Granjon. EB Garamond, iliyoanzishwa na Georg Duffner mwaka 2011 na inayopatikana bure, ilichorwa kwa kufuata karatasi ya sampuli iliyochapwa Frankfurt mwaka 1592, yenye herufi za Garamond na za Granjon. Sabon ya Jan Tschichold, ya mwaka 1967, haina hata jina la Garamond, lakini damu ni yake.

Ziweke kando kwa kando uone. Ya ukoo wa Jannon ina purukushani zaidi: vijiguu vya herufi ni vyembamba na vikali, na herufi za mlazo hazilali kwa pembe moja, hii imeinama zaidi, ile kidogo. Ya Garamond mwenyewe imetulia. Hatusemi kwamba ya Jannon ni mbaya; wapo wanaoipenda kwa ajili ya purukushani hiyohiyo. Tunachosema ni kwamba mhariri anayeandika mwishoni mwa kitabu kwamba "kimechapwa kwa herufi za karne ya 16" huku akitumia Garamond ya Microsoft, anamdanganya msomaji bila kujua. Kwa sisi tunaogombana kuhusu neno moja la utenzi limeandikwaje katika mswada upi, huo si uzembe mdogo.

Karatasi nayo ina neno

Turudi kwenye lile swali la wino. Bembo ina asili yake katika kitabu kidogo cha Pietro Bembo kuhusu mlima Etna, De Aetna, kilichochapwa Venice na Aldus Manutius mwaka 1496 kwa herufi za Francesco Griffo. Monotype walipoifufua mwaka 1929, risasi na wino viliifanya iwe na uzito wa kupendeza. Ilipoingizwa kwenye kompyuta, ilifuata umbo jembamba lisilo na wino uliotambaa. Ikawa nyembamba, imepauka kama mtu aliyetoka kuugua malaria. Mwaka 2005 Monotype wenyewe walitoa Bembo Book ili kuirudishia nyama yake. Kwa hiyo hata ndani ya jina moja na kampuni moja, kuna Bembo na Bembo.

Baskerville ni funzo la namna nyingine. John Baskerville wa Birmingham, aliyetoa Virgil yake mwaka 1757, alikuwa mwalimu wa mwandiko kabla ya kuwa mpiga chapa. Hakuishia kuchora herufi. Alishughulikia pia wino, akatumia karatasi laini, na kurasa zilizokwisha chapwa alizibana kwa mabamba ya shaba yenye moto ili zing'ae. Mistari yake myembamba iliwezekana kwa sababu ya karatasi hiyo. Bodoni wa Parma (1740–1813) akaenda mbali zaidi: mistari minene ikawa minene kweli, na myembamba ikawa kama unywele.

Sasa chukua Bodoni hiyo, panga nayo diwani, kisha itolee fotokopi kwenye mashine iliyochoka. Unywele unapotea. Herufi n inabaki miguu miwili isiyoungana, e inafunguka, msomaji anabaki kukisia. Bodoni hana kosa, wala mwenye mashine hana. Kosa ni kuhamisha herufi bila kuhamisha karatasi yake. Kwa karatasi ya kawaida na mashine ya kawaida, chagua herufi ambayo wembamba wake haupitani mno na unene wake: Caslon, EB Garamond, au Plantin, ambayo Monotype waliitoa mwaka 1913 kutokana na kazi ya Granjon. Hiyo Plantin ndiyo pia iliyokuwa msingi wa Times New Roman ya mwaka 1932. Kwa hiyo mwanafunzi anayedhani Times New Roman haina historia ajue kwamba naye anatumia mjukuu wa karne ya 16, aliyebanwa kiuno ili aenee katika safu nyembamba za gazeti la London.

Kiswahili ndani ya nguo ya Kilatini

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapohusika moja kwa moja. De Aetna kimeandikwa kwa Kilatini. Kilatini hakina haja ya w. Herufi k ni adimu kama theluji ya Kilimanjaro siku za jua kali. Na wapiga chapa wa wakati ule hawakutofautisha i na j kama tunavyofanya sisi.

Andika basi neno "wajukuu". Katika herufi saba, tatu (w, j na k) hazikuwa na kazi katika Kilatini cha kitabu kile. Zile unazoziona kwenye Bembo zimetengenezwa na mafundi wa karne ya 20 kwa kukisia jinsi Griffo ambavyo angezichora. Kifaransa cha Garamond nacho hakizitumii sana k na w. Lakini Kiswahili hakiwezi kupiga hatua bila herufi hizo: kwa, kwamba, wewe, wakati, kwake, yakawa. Kile ambacho kwa Mzungu wa kale kilikuwa nyongeza ya pembeni, kwetu ni uti wa mgongo wa ukurasa.

Kwa hiyo usiijaribu fonti kwa sentensi za Kiingereza au Kilatini zinazowekwa kwenye matangazo yake. Ijaribu kwa ubeti wako. Tazama k, w, y na z zinavyokaa: je, mishazari yao inaacha mashimo meupe katikati ya neno? Je, "kw" zinagusana? Tazama ritifaa katika ng'ombe na ng'ambo: iwe imepinda ikielekea kushoto kama tisa ndogo, kwani kompyuta nyingine huigeuza ikadhani unafungua usemi. Ni jambo dogo, lakini katika ukurasa wenye ng' kumi linachoma macho.

Kisha pima mshororo. Chukua mshororo wa mizani 16 wa namna hii: "Kila apandaye mbegu, hungojea siku zake." Una herufi na nafasi zipatazo 40. Katika ukurasa wa safu moja hautakusumbua. Lakini katika jarida la safu mbili, fonti pana itaukata. Libre Baskerville, kwa mfano, ilichorwa kwa ajili ya kioo cha kompyuta kwa kufuata Baskerville ya ATF ya mwaka 1941. Herufi zake ndogo zimeinuliwa na kupanuliwa ili zisomeke kiooni. Kwenye kioo ni nzuri kweli. Kwenye safu nyembamba inaumwaga mshororo chini, neno "zake" linabaki peke yake mstari wa pili, na kina cha kati hakionekani tena mahali pake. Mhakiki atakayekuja kusema mshairi ana upungufu wa muundo atakuwa ameuhakiki uamuzi wa mpangaji wa kurasa. Mshairi hahusiki.

Historia ya nani?

Limebaki swali zito zaidi. Tuseme mnataka kutoa upya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Mtu mwerevu atasema: "Tuchague herufi za zama zake." Atafungua orodha, atakuta Bodoni, ambaye kweli waliishi wakati mmoja. Kwa tarehe, hoja imetimia.

Lakini imetimia kwa kalenda tu. Ushairi wa Mombasa ya Muyaka uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Beti zake zilihifadhiwa mwishoni mwa karne ya 19 na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeziandika kwa hati ya Kiarabu iliyorekebishwa ipokee sauti za Kiswahili. Ni mwaka 1940 ndipo William Hichens alipozitoa kitabuni kwa herufi za Kirumi. Kumvalisha Muyaka Bodoni kwa sababu ya tarehe ni kumpa ukale wa Parma na kumnyima ukale wake mwenyewe.

Je, tufanyeje? Njia zipo mbili, na zote ni halali mradi ijulikane umeshika ipi. Ya kwanza ni kukubali kwamba toleo la Kirumi ni tafsiri ya maandishi, na kuchagua herufi tulivu isiyojidai kuwa ya zama za mshairi. Ya pili ni kuchapa hati zote mbili uso kwa uso. Kwa Kiarabu ipo fonti ya bure iitwayo Amiri, ya Khaled Hosny, iliyotolewa kwanza mwaka 2011. Hiyo ni ufufuo wa herufi za naskhi za matbaa ya Bulaq ya Cairo za mwanzoni mwa karne ya 20, aina iliyotumika kuchapia Msahafu wa Cairo wa mwaka 1924. Lakini nayo iulizwe maswali yaleyale. Ni herufi ya Cairo; Mombasa ilikuwa na mikono yake. Kabla hujaichagua, orodhesha alama zote za ziada ambazo mswada wako unazitumia kwa p, v, ch na nyinginezo, uzijaribu moja moja.

Na kwa anayeogopa kwamba hati mbili hazitapatana katika ukurasa mmoja, akumbuke Granjon. Mkono uleule uliochonga zile herufi za mlazo tunazozikuta katika EB Garamond ulichonga pia herufi za Kiarabu mjini Roma, katika miaka ya 1580, kwa ajili ya matbaa ya ukoo wa Medici. Ujirani wa hati hizi mbili si jambo la jana.

Namna ya kuamua

Kwa muhtasari, anayeandaa diwani afuate utaratibu huu:

1. Asome mashairi kwanza, fonti baadaye. Kama hajui kazi ina sauti gani, hawezi kuitafutia vazi.

2. Achague fonti tatu tu, na kila moja aiulize: umetoka katika sampuli ipi, nani kakuchora, mwaka gani, kwa risasi, karatasi au kioo? Isiyojulikana asili yake isipewe sifa ya ukale.

3. Achape ubeti uleule kwa zote tatu, kwa ukubwa uleule, kwenye karatasi na mashine itakayotumika kweli. Kioo cha kompyuta kinadanganya.

4. Akague k, w, y, z, j, ritifaa ya ng', tarakimu, na herufi za mlazo. Fonti nyingine za kale zina tarakimu zinazopanda na kushuka mstari. Katika utenzi wenye beti zilizohesabiwa hilo linaonekana kila ukurasa.

5. Asome leseni. Bure kwa kusoma na bure kwa kuchapia si kitu kimoja.

6. Akishachagua, aandike mwishoni mwa kitabu fonti ni ipi na ni ya ukoo upi. Mistari miwili inatosha.

Kwa diwani ya kawaida ya mashairi mapya, itakayochapwa kwa gharama ndogo, sisi tungechukua EB Garamond: asili yake inajulikana, haifi kwenye fotokopi nzuri, ina mlazo wa kweli, na haidai senti. Mwingine atachagua Caslon, na akitoa sababu tutamsikiliza.

Hitimisho

Uhakiki wetu umezoea kuigawa kazi katika fani na maudhui, kisha ukaanza kusoma pale neno linapoanza. Tumejaribu kuonyesha kwamba kuna tabaka moja kabla ya neno, nalo lina waandishi wake: Griffo, Granjon, Jannon, Baskerville, na wale waliowasoma upya wakatuletea matoleo yao. Kuitambua kazi yao hakutaufanya ushairi mbaya uwe mzuri. Lakini mwanafunzi atakayechukua diwani kesho na kuuliza "herufi hii ni ya nani, na kwa nini hapa?" atakuwa ameanza kuihakiki fani ambayo wengi wetu tumeipita kila siku bila hata kuisalimu.